Harusi ya Sagalla Isiyokuwa na Picha

Nyumbani kwa shangazi Alice hakuna kitu kinachokaa wazi. Rimoti ya televisheni imo ndani ya nailoni tangu siku ilipotoka dukani. Viti vina vitambaa, na juu ya vitambaa hivyo kuna vingine vya kulinda vile vya kwanza; hivi vya juu huondolewa pasta akija. Redio ina koti lake, limeshonwa kwa mkono. Hata kompyuta anayofanyia kazi ya picha, ile iliyo pembeni mwa sebule, imevikwa: sanduku lake chini ya meza limefungwa nailoni iliyobandikwa kwa selotepu, juu ya nailoni kuna blanketi dogo alilolalia binamu yangu Derrick akiwa mchanga, na juu ya blanketi kitambaa cha maua. Mgeni akiuliza sababu, shangazi hujibu kwa neno moja.

"Vumbi."

Mtu wa Voi haulizi mara ya pili. Vumbi letu ni jekundu na laini kama poda, na halipigi hodi. Ukipangusa meza asubuhi, kabla ya chai ya saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Lakini kwa shangazi vumbi si jambo la usafi tu. Lilimkosea baba yake, na yeye hajalisamehe.

Babu yangu Stephen alikuwa na studio ya chumba kimoja nyuma ya soko. Mwaka wa 1975 aliitwa kupiga picha harusi moja Sagalla, mlimani. Alipanda huko nyuma ya lori la mchanga, kamera ikiwa shingoni, bila mfuko, kwa sababu alipenda watu waione. Akapiga filamu nzima. Alimpiga bwana harusi Silvanus, akampiga bibi harusi Dinah, wasimamizi, kwaya, hata mbuzi aliyefungwa chini ya mti wa mparachichi akingoja zamu yake. Aliporudi Voi na kuisafisha ile filamu, ilikuwa tupu kama kioo cha dirisha. Vumbi la njiani lilikuwa limeingia ndani ya kamera na kukwamisha kile kipazia kidogo kinachofunguka ili mwanga uingie. Siku nzima babu alikuwa akibonyeza na kusema "tabasamu", na kipazia kimefungwa.

Maharusi hawakumgombeza. Bi Dinah aliamua kumtania, na alipoanza hakuacha. Kila alipomkuta babu sokoni alisimama mbele yake, mkono kiunoni, na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza nyanya, "Stephen, picha yangu iko tayari?" Watu walicheka, babu akacheka nao. Nyumbani, shangazi anasema, siku hizo hakumaliza chakula chake.

Babu alipofariki, swali lilimfuata binti yake.

"Mtoto wa Stephen, picha yangu iko tayari?"

"Haijakauka bado, mama."

"Miaka yote hii? Kwani mliianika kwenye mvua?"

Shangazi alijifunza kazi kwa babu tangu akiwa msichana wa kushika beseni za dawa ndani ya chumba cha giza. Alifundisha chekechea kwa muda, akaacha. Leo ana umri wa miaka hamsini na kitu, na sijui kama kuna familia kati ya Voi na Mwatate ambayo hajaipiga picha mtu akioa, akihitimu au akizikwa. Ana miguu mizuri ya kusimama, macho yanayoona kola iliyopinda kutoka mbali, na kicheko kinachomfanya mtu aliyenuna mbele ya kamera ajisahau. Mume wake, mjomba Morris, alistaafu kazi ya reli, na sasa kazi yake kubwa ni baiskeli yake, ambayo huipaka mafuta kama mtoto mchanga.

Mimi, Abby, nimekuwa nikiishi nao tangu nimalize chuo, nikingoja kazi. Ndiyo maana nilikuwepo siku Koki alipokuja.

Koki ni mkamwana wa Bi Dinah, mwalimu hapa Voi. Aliingia akichungulia nyuma kana kwamba ameiba. Alitoa bahasha ndani ya kitabu cha nyimbo, na ndani ya bahasha kulikuwa na picha ndogo ya nyeusi na nyeupe, imekunjwa katikati, ya kwaya ya Sagalla imesimama mbele ya mlango wa kanisa.

"Ni ya mwaka ule ule wa harusi," alisema. "Mama ndiye huyu wa mbele, huku kushoto kabisa. Na baba yuko nyuma, huku kulia. Shangazi Alice, Jumapili tunawafanyia ibada ya miaka hamsini ya ndoa. Unaweza kuwasimamisha pamoja?"

Shangazi aliichukua ile picha kwa ncha za vidole. Nyuso zenyewe zilikuwa ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. Aliitazama hadi Koki akaanza kuwa na wasiwasi.

"Bi Dinah anajua?"

"Hajui. Akijua, hatalala."

"Hata mimi sitalala," shangazi alisema, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake. "Mwambie mumeo atafute fremu. Kubwa."

Koki alitaka Bi Dinah avalishwe gauni jeupe la kisasa, kwa kuwa kwenye picha amevaa joho la kwaya. Shangazi alikataa. "Simvishi nguo ambayo hakuivaa," alisema. "Akijiona, ajijue."

Kulikuwa na sharti moja. Picha kubwa ya kutundikwa ukutani shangazi huchapisha kwa Josphat, maana mashine yake ndiyo anayoiamini, na Josphat ni Msabato. Ijumaa jua likielekea kuzama anafunga duka, na hakuna machozi yatakayomfanya awashe mashine kabla ya Jumapili. Na Jumapili asubuhi sisi tutakuwa tayari kanisani Sagalla. Kwa hiyo kazi ilitakiwa imfikie Ijumaa mchana, au Bi Dinah angeendelea kungoja.

Ijumaa hiyo tuliamka na furaha ya ajabu. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Shangazi alikuwa ameikuza ile picha kwa skana hadi ikawa kubwa kupita kiasi, amemtoa Dinah mbele na Silvanus nyuma, na kuwasimamisha wawili peke yao mlangoni pa kanisa lile lile. Kilichobaki ni ule mkunjo, uliopita usoni mwa Dinah kutoka paji la uso hadi kidevuni. Ulitakiwa kufutwa polepole, kipande kwa kipande, ili shavu libaki shavu.

Hapo ndipo kompyuta ilipogoma.

Ilianza kwa uvivu. Shangazi anavuta brashi kwenye skrini, na hakuna kitu. Anangoja. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Anakunywa chai. Ndipo doa dogo linaondoka. Anavuta tena, anangoja tena. Kwa mwendo huo tungemaliza Pasaka.

Tulimpigia Derrick, mtoto wao, ambaye anafanya kazi ya kompyuta Mombasa. Shangazi aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Mama, kwanza funga programu zote zingine."

"Nimefunga. Hata redio nimezima."

"Redio haihusiani."

"Nimezima tu."

"Haya. Angalia diski kama imejaa. Hiyo programu inahitaji nafasi ya kutandaza kazi yake. Ikikosa nafasi inakwama."

Niliangalia. Ilikuwa imejaa hadi kooni: harusi, mahafali, mazishi, ubatizo, na picha za baiskeli ya mjomba kutoka kila upande. Tulihamisha za miaka ya nyuma kwenye diski ya nje, tukaizima kompyuta, tukaiwasha. Shangazi akafungua picha, akavuta brashi, na doa likaondoka pale pale. Alipiga kigelegele hadi jirani akauliza ng'ambo ya ua nani amejifungua.

Kigelegele hakijapoa, kiduara kikarudi.

Tukazima, tukawasha. Ikakimbia. Ikachoka. Nikapunguza kumbukumbu ya hatua za nyuma ambazo programu huzitunza, nikaunganisha vipande vya picha ambavyo havikuhitaji tena kukaa mbalimbali. Nafuu kidogo, halafu yale yale.

"Ukiiwasha tu inakimbia, halafu inachoka?" Derrick aliuliza.

"Inakimbia kama mtoto aliyetumwa sukari. Halafu inalala njiani."

"Mama, hiyo mashine iko moto?"

"Derrick, hapa ni Voi. Kila kitu kiko moto. Hata maji ya mfereji yako moto."

"Basi itakuwa ni memori. Nitakuletea nikija Desemba."

"Desemba!" shangazi alipaza sauti, na mjomba Morris, aliyekuwa mlangoni akisugua baiskeli, akaona afadhali ahamie nyuma ya nyumba.

Shangazi hakukata tamaa. Ndivyo alivyo. Alikunja mikono ya blauzi, akasogeza kiti, akasema tutaenda nayo hivyo hivyo, hata kama ni kwa kutambaa. Aliukuza uso wa Dinah hadi ukajaa skrini nzima. Msichana wa miaka kumi na tisa alitutazama, midomo imefungwa, kama mtu anayejizuia kucheka. Mkunjo ulikuwa umebaki shavuni tu. Shangazi akahifadhi kazi, akavuta brashi, na programu ikaganda kabisa. Kipanya hakikusogea. Hakuna kitufe kilichosikia.

Na papo hapo tukasikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa! Mko ndani ama mmehamia Nairobi?"

Sauti hiyo kila mtu sokoni anaijua.

Shangazi alibonyeza kila kitu kilichobonyezeka ili ule uso uondoke. Haukuondoka. Bi Dinah alikuwa tayari anavua viatu. Shangazi akanyakua kitambaa cha kiti, akakitupa juu ya skrini. Kikateleza. Akaongeza kingine. Mimi, kwa kukosa akili, nilivuta koti la mjomba na kulitupa hapo, na mkono wake mmoja ukaning'inia juu ya sanduku lenye blanketi.

"Karibu, mama! Karibu sana! Shikamoo."

"Marahaba. Nimeshuka kuchukua gauni kwa fundi, nikasema niwaletee ndizi." Aliweka mfuko chini, akakaa, akatazama lile rundo la nguo mezani. "Mnaanika ndani siku hizi?"

"Ni kazi ya watu, mama. Mteja hataki ionekane."

"Mteja gani huyo? Mwanasiasa?"

"Siwezi kusema."

"Basi ni mwanasiasa." Akageuka kwangu. "Na wewe wa vitabu, mbona unatetemeka?"

"Baridi, nyanya," nilisema. Jasho lilikuwa likinitiririka shingoni.

Bi Dinah alicheka hadi akashika mbavu. Kisha, kama kawaida yake, aliweka mkono kiunoni ingawa alikuwa ameketi.

"Mtoto wa Stephen, Jumapili natimiza miaka hamsini. Picha yangu iko tayari?"

Shangazi alirudisha kitambaa kilichokuwa kinateleza tena. "Iko... inakaribia kukauka," alisema.

Chini ya meza, sanduku lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Tulikuwa tumeizoea ile sauti. Bi Dinah hakuwa ameizoea. Aliinama, akapenyeza mkono chini ya mkono wa koti na chini ya blanketi, akautoa haraka.

"Wee! Hii kitu ina homa!"

"Hufanya hivyo ikifanya kazi, mama."

"Hufanya hivyo nini? Mnaona inaungua na mmeifunika blanketi? Hata mtoto wa malaria hafunikwi hivi. Mvueni nguo, mumkande na maji."

"Si maji!" mjomba alisema kutoka dirishani, kumbe alikuwa anasikiliza.

Hapo hapo sanduku likakata pumzi. Ngurumo ikazimika, taa yake ndogo ikafa.

"Haya," alisema Bi Dinah, akivaa viatu vyake. "Imezirai."

Tulimsindikiza hadi barabarani. Tuliporudi shangazi alisimama mbele ya meza, mikono kichwani, akitazama blanketi la picha za kondoo ambalo mtoto wake alilalia. Nilidhani anaomba. Halafu akageuka, na macho yake yalikuwa yamewaka.

"Derrick aliniuliza," alisema. "Aliniuliza kama iko moto, na mimi nikamjibu habari za mfereji! Abby, inakimbia ikiwa imepoa, inachoka ikipata joto. Inapunguza mwendo isiungue. Na sisi tumeivisha nguo za baridi! Morris! Lete bisibisi!"

Tulivua kitambaa, blanketi, kisha nailoni. Nailoni ilikuwa imeziba matundu ya nyuma yote, yale yanayotoa hewa ya moto, na selotepu ilikuwa imelainika kama peremende. Tulilitoa sanduku hadi barazani. Shangazi akafungua ubavu wake, na sote tukarudi nyuma.

Vumbi lilikuwa ndani. Kwa miaka yote ile, kupitia mwanya wa nyaya, lilikuwa linaingia kidogo kidogo, na kwa kuwa limefungiwa halikuwa na njia ya kutoka. Lilikuwa limejipanga juu ya feni na katikati ya vile vibati vya kupoza, zito, jekundu, kama kipande cha mkeka.

Shangazi aliligusa kwa kidole. "Nimekufungia nje," aliliambia, "kumbe nimekufungia ndani."

Kisha kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kucheka. Nilishika feni kwa kidole isizunguke, kama Derrick alivyotuelekeza tulipompigia tena. Shangazi alipangusa kwa brashi laini ya lenzi, ile ya babu yenye mpini wa mbao. Mjomba Morris alileta pampu ya baiskeli, akasimama kama askari wa zimamoto.

"Sasa mnanihitaji," alisema, akapiga.

Wingu jekundu liliinuka hadi kwenye mabati. Tulikohoa, tukapiga chafya, tukaonekana kama matofali. Mjomba alipiga pampu hadi shati likamlowa, akiita kila pigo jina la stesheni: Mtito, Tsavo, Voi, Maungu! Jirani alichungulia juu ya ua, akaona mwanamke anapasua kompyuta kama kuku, akarudi zake bila swali.

Tulipoirudisha ndani, hatukuivika kitu. Ilikaa uchi chini ya meza, na shangazi aliielekezea feni ya sebuleni. Aliwasha. Hakuna ngurumo, ni mvumo mdogo tu. Akafungua picha. Kazi aliyokuwa amehifadhi ilikuwepo, na uso wa Dinah ukarudi.

Akavuta brashi. Doa likaondoka.

Akavuta tena, na tena, na hakuna kiduara. Tulikaa nyuma yake, tukingoja ichoke. Haikuchoka. Mkunjo ulirudi nyuma shavuni, ukaisha. Shangazi hakupiga kigelegele safari hii. Alisogeza kiti nyuma, akawatazama wale wawili wamesimama mlangoni pa kanisa, akasema polepole, "Baba, tabasamu."

Kisha akaruka. "Flashi! Viatu! Josphat anafunga!"

Tulipanda bodaboda moja sote wawili. Mkono wa shangazi ulikuwa umeshika flashi yenye ile picha, na flashi ilikuwa ndani ya nailoni, na nailoni ndani ya leso. Tabia haziishi siku moja. Tulipofika, Josphat alikuwa anafagia kizingiti, mlango wa chuma umeshushwa nusu.

"Mama Derrick, jua lile pale," alisema, akionyesha kwa mpini wa ufagio.

"Naliona. Liko juu ya mlima, halijagusa. Josphat, ni picha ya Bi Dinah."

Ufagio ulisimama. "Bi Dinah yule wa 'picha yangu iko tayari'?"

"Huyo huyo."

Josphat aliinua mlango kwa mkono mmoja. "Leta!"

Jumapili, Sagalla ilikuwa na ukungu na kanisa lilijaa hadi madirishani. Fremu iliwekwa mbele, imefunikwa kitambaa cha maua, kile kile kilichovuliwa kompyuta, kimefuliwa na kupigwa pasi. Pasta alimwita Bi Dinah akifunue. Alikuja na gauni lake jipya, akashika ncha ya kitambaa, akavuta.

Mwanamke ambaye soko zima linajua sauti yake alisimama pale na mkono mdomoni. Mzee Silvanus alisogea karibu, akavaa miwani, akainama.

"Huyu kijana ni nani aliyesimama na mke wangu?" aliuliza, na kanisa likalipuka.

Baada ya ibada Bi Dinah alimkumbatia shangazi kwa muda mrefu. Nilikuwa karibu, nikasikia alichomnong'oneza.

"Nilijiona Ijumaa. Kabla hujatupa kitambaa. Nilijiona nimejaa kwenye kile kioo chenu, nikasema nisipouliza swali langu la siku zote, watajua nimeona." Akajifuta macho. "Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba."

Siku hizi kompyuta ya shangazi hukaa wazi, na mwisho wa kila mwezi mjomba huja na pampu yake bila kuitwa. Rimoti bado imo ndani ya nailoni.

Na wiki iliyofuata tulikuwa sokoni tukichagua nyanya, tukamwona Bi Dinah akija. Shangazi alijinyoosha, akatabasamu, tayari kupokea shukrani mbele ya watu. Bi Dinah akasimama, akaweka mkono kiunoni.

"Mtoto wa Stephen," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa soko, "ile ni nyeusi na nyeupe. Ya rangi iko tayari?"